Shuka la Buluu Kitandani kwa Zambarau

Mashuka meupe waliyaacha zamani, kabla Bi Pasi hajaota mvi. Nyeupe haina siri. Tone la dawa, tone la chai, tone la damu, nyeupe inatangaza yote kama mpiga mbiu, na ndugu wa mgonjwa wakija kutazama wanakata tamaa kabla hata hawajasalimia. Ndipo wakubwa wa hospitali wakaleta mashuka ya rangi, na kila rangi ikapewa kazi yake.

Sababu haikuwa urembo. Manesi wa wadini walikuwa wachache, na anayeingia zamu hana nafasi ya kusoma faili la kila aliyelala. Basi walisoma mashuka. Buluu ni mgonjwa anayetibiwa: huyo atachomwa sindano, atapimwa damu, daktari atasimama kwake. Kijani ni cha chumba cha kupasulia. Manjano ni maradhi ya kuambukiza, usiguse bila glavu. Na kijivu ni yule ambaye madaktari wameshanyoosha mikono. Wa kijivu hasumbuliwi tena. Vitanda vyao vilikuwa mwisho wa wadi, upande wa dirisha, na daktari akikaribia huko alishusha sauti, akageuka akarudi alikotoka.

Huko chini kwenye chumba cha kufulia, rangi hizo zilikuwa na utani wake. “Manjano ni kama wifi aliyenuna,” alipenda kusema Mzee Mashine, ambaye ndiye aliyeendesha ile mashine kubwa ya kufulia. “Hachanganywi na mtu. Ana maji yake, ana sabuni yake, na ukimgusa vibaya utajuta.” Kijani kikishuka kingi asubuhi walisema leo kisu kimeshiba. Kijivu hawakukitania. Kikifika mezani, Bi Pasi alikipiga pasi kimya kimya, pande zote mbili, ingawa kazi ilitaka upande mmoja tu.

Hilo jina la Bi Pasi alipewa hapo kazini, likamfuata mpaka nyumbani, mpaka majirani wakasahau lile alilopewa na baba yake. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kigumu kama soli. Alikuwa hodari wa kukunja. Shuka likitoka mkononi mwake unaweza kulilalia kwa macho tu.

Mwaka wa habari hii aliyelala juu wadini alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Huyu mdogo mtu walimwita Zambarau. Alikuwa na kibanda cha kuuza vifungo, nyuzi na zipu, na tangu ujana wake hakujifunga kitambaa cha rangi nyingine kichwani. Mama yao alikufa Zambarau akiwa wa kubebwa, na aliyembeba ni Bi Pasi, naye mwenyewe hajamaliza meno ya utoto. Kwa hiyo ukimuuliza Bi Pasi ana watoto wangapi, alikuwa na kawaida ya kuhesabu na huyo.

Kibandani kwake Zambarau alijua kusoma watu kwa uzi. “Anayetaka mweusi ana haraka,” alikuwa akisema, “nguo imechanika na ana safari. Anayetaka mweupe ana jambo la heshima. Wa nyekundu usimuulize, atakwambia mwenyewe.” Siku alipolazwa alilitazama shuka la buluu walilomtandikia, akamuuliza dada yake, “Na zambarau je? Hospitali nzima hii hamna zambarau?”

“Hamna.”

“Basi maradhi yangu hawana. Nipeleke nyumbani.”

Bi Pasi alicheka siku ile. Ugonjwa ulikuwa tumboni, na tumbo wakati huo lilikuwa bado dogo.

Lakini maradhi yakakaa. Zambarau akapasuliwa, akafungwa, akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele, akabaki na kitambaa chake juu ya kichwa kitupu. Aliwagawia manesi vifungo alivyoletewa kutoka kibandani, vya gauni, vya mashati ya watoto wao, hata wakamzoea. Wakamwita yule wa vifungo. Wengi wao hawakujua kwamba huko chini ana dada, maana Bi Pasi hakuwa mtu wa kujitangaza. Alipanda na toroli lake, akatandika, akashika mkono wa mdogo wake kidogo, akateremka.

Sasa asubuhi moja nesi akaja kwenye kile kidirisha cha chumba cha kufulia, kuagiza mashuka ya wadi.

“Buluu za kawaida,” akasema, “na kijivu moja.”

“Ya nani?” akauliza Bi Pasi. Halikuwa swali la maana. Aliuliza ili ajue aanze kutandika wapi.

“Yule wa vifungo. Amehamishiwa dirishani. Daktari mkubwa aliamua jana jioni. Maskini, alikuwa mcheshi.”

Nesi akaenda zake. Bi Pasi akarudi mezani, akatoa kijivu kimoja kwenye rafu, akakiweka mbele yake, akashika pasi. Mzee Mashine alikuwa amempa mgongo, anajaza sabuni. Alipogeuka alimwona mwenzake anapiga pasi shuka lililokwisha kunyooka, anarudia pale pale, anarudia pale pale, mpaka likaanza kutoa harufu ya kuungua.

“Wewe,” akamwambia, “utalichoma.”

Bi Pasi akainua pasi. Akakunja, akapanga toroli: buluu juu ya buluu, na kijivu chini kabisa. Akalisukuma nje.

Kwa uchache wa watu, wafuaji ndio waliotandika vitanda hospitalini pale. Njia ya toroli ilikuwa mteremko mrefu wa saruji, nao kwa anayepanda ni mlima. Katikati Bi Pasi akasimama kupumzika. Na hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilipomjia hakulikemea.

Lazima tumwelewe. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kumwona mtu wa kijivu akitoka kwa miguu yake. Wa buluu aliwaona wengi, wakiteremka na vikapu vyao, wakiwaaga walinzi. Mtu aliyeshinda maisha yake yote kwenye mashuka huona dunia kwa mashuka. Kwake yeye aliyehukumu si daktari, maana daktari hakumwona akihukumu. Aliloliona ni shuka. Shuka likitandikwa, daktari hasimami. Daktari asiposimama, mtu anakufa. Basi na lisitandikwe.

Alipofika, Zambarau alikwisha sogezwa dirishani, amelala fofofo. Alikuwa amelala tangu jioni. Walikuwa wamempa ile dawa ya matone ya kutuliza maumivu, dawa tamu inayofungiwa kabatini, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyeshiba. Bi Pasi hakulitilia maanani hilo. Alimgeuza taratibu ubavu mmoja, akatandika. Akamgeuza ubavu wa pili, akavuta, akachomeka pembe. Buluu. Kijivu kikarudi chini kwenye toroli, safi, na kunjo zake.

Bahati, au kilichoonekana kama bahati, ni kwamba nesi aliyeingia zamu asubuhi ile alikuwa anatoka likizo, na daktari aliyepita na wanafunzi wake hakuwa yule mkubwa. Walifika dirishani wakapita kijivu, wakapita kijivu, wakafika kwenye buluu wakasimama. Bi Pasi alikuwa upande wa pili, anajifanya anahesabu foronya. Alimwona daktari akiinama. Alimsikia akisema damu ipimwe, mgonjwa aamshwe, aketishwe kwenye kiti, atembezwe, kifua kisije kikajaa maji. Akamsikia akisema, “Tuendelee naye.”

Bi Pasi aliteremka na toroli lake anaimba wimbo puani.

“Leo kuna nini?” akauliza Mzee Mashine.

“Kuna nini wapi?”

“Unaimba. Mara ya mwisho ulipoimba, mashine hii ilikuwa mpya.”

“Na wewe ulikuwa kijana,” akasema Bi Pasi. “Wote wawili mmechakaa. Fua.”

Mzee Mashine akafua. Lakini alipokuwa akipakua toroli, mkono wake ulikaa kidogo juu ya lile shuka la kijivu lililorudi bila kulaliwa. Akalirudisha rafuni.

Kesho yake Bi Pasi alipanda mapema. Akiwa bado kwenye mteremko alisikia sauti, akaipuuza, maana wadini hapakosi anayelia. Alipofungua mlango akaijua.

Zambarau alikuwa ameketishwa kwenye kiti kando ya kitanda, amefungiwa upande kwa kitambaa asianguke. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimeteleza mpaka shingoni. Midomo ilikuwa na alama za meno yake mwenyewe.

“Dada,” akasema, “waambie waniache nilale.”

“Wanakutibu, mdogo wangu. Vumilia.”

“Juzi hawakunitibu nikalala. Leo wananitibu nakufa.”

“Usiseme hivyo. Daktari amesimama kwako. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Akisimama ndiyo nini? Amesimama, amenibonyeza tumbo, ameondoka. Wamenitembeza mpaka mlangoni na kurudi. Nimejikojolea njiani kama mtoto, dada, mbele ya watu.”

Bi Pasi akamfunga kitambaa vizuri. Akamfuta uso. Kisha akaenda kwenye meza ya manesi, akamkuta yule wa likizo anapanga vidonge kwenye vikombe.

“Mwanangu,” akamwambia, “yule wa pale anaumwa sana. Mpeni ile dawa tamu.”

Nesi akatazama alikoelekezwa. “Yule ni buluu, mama. Ile dawa ni ya wa kijivu.”

“Si ipo kabatini?”

“Ipo kidogo, na wenyewe wapo. Wa buluu ukimpa inamlewesha, halafu daktari akija hajui kama anapona au hajiwezi. Wa buluu tunampa vidonge. Ameshapewa.”

“Havimsaidii.”

“Anayepona huumia, mama,” akasema nesi, na hakusema kwa ubaya. Mikono yake haikuacha kupanga. “Mwambie ajikaze.”

Akarudi akamwambia mdogo wake ajikaze. Ndiyo, alimwambia. Na Zambarau akajikaza, kwa kuwa tangu utotoni alizoea kumtii huyu aliyembeba mgongoni. Wakaja wakamchoma kidole, kisha mkono, mshipa haukupatikana, wakachoma tena kwingine. Bi Pasi alishinda akipanda na kuteremka kwa visingizio, mara foronya, mara taulo, na kila akipanda alimkuta mdogo wake amepungua. Kila akiteremka alijiambia kwamba pakiuma ndipo panapopona. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alitapatapa na mtu mwingine mkononi.

Mchana walimrudisha kitandani. Zambarau alilala ubavu, magoti kifuani, anatazama pindo la shuka. Akalishika kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akishika kitambaa cha mteja ili amtafutie uzi unaofanana.

“Dada.”

“Naam.”

“Huyu wa kulia kwangu kijivu. Wa kushoto kijivu. Yule bibi wa pembeni kijivu. Mimi peke yangu buluu, kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi ambao si wake.”

Bi Pasi akaanza kulinyoosha lile pindo.

“Mwaka mzima unanisimulia habari za mashuka haya,” Zambarau akaendelea, polepole, maana kila neno lilipita mahali panapouma. “Unafikiri nilikuwa sisikii? Nimehamishiwa dirishani. Nilijua juzi ile ile. Nikasema sawa, angalau nitapewa dawa tamu. Nikapewa, nikalala. Nikamwota mama, ingawa sura yake siijui. Nimeamka nimetandikiwa buluu.”

“Walikosea,” akasema Bi Pasi.

“Nani alitandika?”

Wa kitanda cha jirani akakohoa.

“Nilitaka ubaki,” akasema Bi Pasi mwishowe.

“Najua.”

“Ukilalia lile hawatakuja tena.”

“Nataka wasije.” Zambarau akafumba macho, wimbi la maumivu likampitia, akalisubiri likaisha. “Niwekee langu, dada. Usimtume mtu. Uje wewe.”

Mteremko ule kwa anayeshuka ni mwepesi, toroli lenyewe linakuvuta. Siku hiyo Bi Pasi alilizuia kwa nguvu zake zote, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshusha jeneza. Alipoingia chumbani alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kijivu. Akachagua. Yale mapya yalikuwa magumu, yanakwaruza. Akayapita, akatafuta la zamani lililofuliwa mpaka likawa laini. Akaliweka mezani, akaona soni kuwasha pasi mbele ya Mzee Mashine.

“Hilo ndilo?” akauliza Mzee Mashine.

Bi Pasi akageuka. “Ulijua?”

“Kijivu lilirudi na kunjo zako. Hakuna mwingine anayekunja hivyo.”

“Na hukusema.”

Mzee Mashine akajifuta mikono kwenye aproni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Ningesema nini? Wa kwangu alipolala kule, mimi sikupata ujanja huo. Nilitandika nililopewa.” Akatazama mashine yake. “Mpaka leo najiuliza.”

“Usijiulize,” akasema Bi Pasi. “Anateseka. Nimemtesa siku mbili.”

Mzee Mashine akaja akashika upande wa pili wa shuka, wakalinyoosha wawili, kisha akamwacha alipige pasi.

Juu, Bi Pasi alipita kwanza kwa nesi. Akalionyesha lile shuka, akasema kitanda cha yule wa vifungo kilitandikwa buluu kimakosa, na aliyekosea ni yeye.

Nesi akavuta faili, akafungua, akasoma. Akasoma tena. Rangi ikamtoka usoni. Ndiye aliyemtembeza.

“Mama, ulikosea au ulifanya makusudi?”

“Ni mdogo wangu.”

Yule binti akafunga faili. Alikuwa na haki ya kufoka, na Bi Pasi alingoja kufokewa kama anayengoja kibao, pengine kungemsaidia. Lakini nesi alitoa ufunguo mfukoni, akaenda kabatini.

Matone yaliingia kinywani kwa kijiko kidogo. Wakangoja. Bi Pasi akaanza kuondoa la buluu, taratibu, ubavu mmoja, kisha wa pili, na nesi akamsaidia kugeuza. Akatandika la kijivu. Akachomeka pembe zote, akapitisha kiganja chake kigumu pale pa mgongo ili pasibaki mkunjo.

“Hili ni laini,” akasema Zambarau. Magoti yalikuwa yameanza kushuka kutoka kifuani.

“Nimelichagua.”

“Na wewe kwa kuchagua. Zambarau tu ndiyo hamkununua.”

“Nitawaambia wakubwa wanunue.”

“Waambie,” akasema, na ulimi wake ulikuwa umekwisha kuwa mzito. “Kwa watu wasiopona wala wasiokufa.”

Akalala. Daktari alipopita kesho yake alishusha sauti, akageuka. Na kesho kutwa vilevile. Bi Pasi alikuwa anaona, toroli mkononi, na kila mgongo wa daktari ulipomgeukia alihisi ni yeye aliyeusukuma. Zambarau alikuwa akiamka kidogo, anapewa matone, analala. Hakutania tena. Mara moja alimwita dada yake mama, na Bi Pasi akaitika.

Hakumaliza juma. Alikufa katikati ya asubuhi, Bi Pasi akiwa chini anapiga pasi, kwa sababu wadi zilikuwa zimejaa na mashuka yalikuwa yanatakiwa. Nesi alikuja mwenyewe kwenye kidirisha. Hakuagiza kitu. Bi Pasi akamtazama, akazima pasi, akapanda.

Walimpa muda wa kukaa naye. Alipoteremka, vitanda vya dirishani vilikwisha vuliwa. Hata yule bibi wa pembeni alikuwa ameondoka siku ile ile, na wengine walibadilishiwa mashuka, kwa hiyo kijivu kilishuka kingi, kimefungwa furushi moja, kimetupwa sakafuni mbele ya mashine.

Mzee Mashine alikuwa hajalifungua. Alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma.

“Nikaona nikungoje,” akasema. “La kwake usije ukaliona linazunguka na mengine. Tutalifua peke yake. Ni lipi?”

Bi Pasi akapiga magoti, akafungua furushi. Akatoa moja, akalitazama pindo. Akatoa jingine. Alilichagua mwenyewe, alilipiga pasi mwenyewe, alilitandika kwa mikono hii. Ni nani angelijua kama si yeye. Akatafuta ulaini, lakini yote yalikuwa yamelaliwa na yote yalikuwa laini. Akayanusa moja moja: jasho, dawa, mkojo, yote harufu moja. Akayapanga ubavuni mwake, akayapangua, akaanza upya.

“Tafuta taratibu,” akasema Mzee Mashine. “Sina haraka.”

Kengele ya kidirishani ikalia. Wadi ilikuwa inataka buluu.

“Silioni,” akasema Bi Pasi.

“Tazama tena.”

“Nimetazama. Yako sawa yote.” Akajishika kwenye mashine, akainuka. “Yaingize.”

“Yote?”

“Yote.”

Mzee Mashine akayaingiza, akafunga mlango. Maji yakaanza kupanda kwenye kioo. Bi Pasi akaenda mezani kwake, akawasha pasi, akangoja ipate moto.